Kompyuta nne, ruta mbili, na mimi niliyejiona fundi

Ujumbe ulijitokeza kwenye kona ya skrini ukisema kuna anwani ya IP, ile namba ya kutambulisha kifaa, inayogongana na ya kifaa kingine kwenye mtandao. Niliusoma nusunusu, nikaufunga, nikaendelea na kazi. Laiti ningeusoma mpaka mwisho, mambo yangeishia palepale. Badala yake zilifuata siku 11 za kuhangaika, ruta mpya ambayo hatukuihitaji, na kikao cha kazi alichokikosa mke wangu baada ya kukiandaa kwa wiki nzima.

Nieleze kwanza nyumba ilivyo. Tuna kompyuta nne. Yangu ni ya mezani, iko sebuleni, imeunganishwa kwa waya kwenye ruta kuu. Mke wangu ana laptopu ya kazini kwake, mwanangu ana laptopu ya shule, na ya nne ni kompyuta kuukuu ya mezani iliyo chumba cha nyuma. Waifai ya ruta kuu ilikuwa ikifika huko nyuma imechoka, kwa hiyo miaka miwili kabla nilivuta waya mpaka chumba hicho, nikauchomeka kwenye ruta ya zamani tuliyokuwa tumeiweka pembeni. Ikawa inagawa waifai upande ule, na matundu yake ya waya yakatusaidia kuunganisha ile kompyuta kuukuu. Niliipanga vizuri siku hiyo, kwa kufuata maelekezo hatua kwa hatua. Kisha nikasahau nilichokifanya, wala sikukiandika popote.

Matatizo yalianza hivi. Mke wangu akiwasha laptopu yake mapema, mimi nikija kuwasha ya kwangu sipati intaneti kabisa. Siku nikitangulia mimi, yangu inakwenda vizuri na yake ndiyo inayosuasua. Inazungusha kile kiduara dakika moja au mbili, kisha inapona yenyewe. Simu zetu hazikuguswa. Laptopu ya mwanangu haikuguswa. Kompyuta kuukuu nayo ilikuwa na lake: kila tovuti uliyoifungua ilikuja na onyo kwamba muunganisho si salama.

Mtu aliyetulia angejiuliza kwa nini mashine mbili zinapokezana ugonjwa na nyingine ziko salama. Mimi nilizitupa dalili zote kwenye kapu moja, nikaliita "intaneti mbovu", nikaanza kutibu kapu.

Mgonjwa wa kwanza niliyemkamata alikuwa laptopu ya mke wangu. Usiku mmoja mzima niliondoa programu ya kuzuia virusi, nikaweka upya draiva ya waifai, na mwisho nikabonyeza kile kitufe cha Windows cha kurudisha mipangilio yote ya mtandao kama ilivyokuwa mwanzo. Kitufe hicho kinafanya kile kinachokisema. Kilifuta waifai zote zilizohifadhiwa na kikavuruga VPN ya kazini kwake, ile njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi akiwa nyumbani, ikambidi asubuhi aombe watu wa kompyuta wa ofisini wamwekee upya. Tangu siku hiyo nina sheria: kompyuta ya mwajiri wa mtu siigusi zaidi ya kuizima na kuiwasha. Na kwa jumla, mashine inayofanya kazi vizuri ikiwa sehemu nyingine, kwa mfano ikiunganishwa kwenye simu, haina haja ya kupasuliwa. Jaribio hilo la simu lingenichukua dakika mbili. Sikulifanya.

Siku ya tatu nikaipigia kampuni inayotuletea intaneti. Dada aliyepokea aliniuliza, "Vifaa vyote vinakosa, au baadhi?" Nikamjibu vyote. Haikuwa kweli na nilijua si kweli, ila niliogopa nikisema "baadhi" ataniambia tatizo liko kwangu. Basi akapima laini kutoka kwao, akakuta iko safi, akanishauri nizime ruta nusu dakika kisha niiwashe. Nikafanya hivyo. Mambo yakatulia kwa saa chache, nami nikapata uhakika wa uongo kwamba ruta ndiyo mgonjwa. Swali la yule dada lilikuwa na ufunguo wote ndani yake. Vifaa vyote vikikosa kwa pamoja, angalia ruta, modemu na laini. Vikikosa baadhi, laini haina kosa. Tafuta tofauti kati ya vinavyopata na vinavyokosa.

Sasa nifike kwenye pini.

Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo ambacho kidole hakiingii. Watu wengi, nami nikiwemo, huona kubonyeza humo ni sawa na kuzima na kuwasha, ila kwa nguvu zaidi. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukizima na kuwasha, ruta inaamka na kumbukumbu zake zote. Ukishikilia pini kwa sekunde kama 10, inafuta kila ulichowahi kuiambia: jina la waifai, nenosiri, na kwa laini kama yetu, jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE, ile njia ruta inayotumia kujitambulisha kwa kampuni, ambavyo kampuni hukupa siku ya kwanza. Bila hivyo viwili ruta inawasha taa zake zote isipokuwa ile ya intaneti.

Nilishikilia pini. Taa zikazima, zikarudi, ya intaneti ikabaki nyekundu. Karatasi yenye taarifa za PPPoE haikuonekana. Nilipekua droo zote, nikapekua hata mabegi ya zamani. Kampuni ikataka nithibitishe kwanza kwamba laini ni yangu, kisha taarifa zikatumwa kesho yake mchana. Kwa maneno mengine, nilikuwa na kompyuta mbili zinazopokezana, nikazitibu mpaka nyumba nzima ikakosa intaneti kwa takriban siku nzima. Kikao cha mke wangu kilikuwa asubuhi hiyo. Alijaribu kupitia simu, ikakatika katikati ya maelezo yake, na aliporudi walikuwa wameshahamia ajenda nyingine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kama utalazimika kutumia pini, ingia kwanza kwenye ukurasa wa ruta na utafute sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio. Ruta nyingi zinayo. Ukishindwa kuiona, piga picha kwa simu kurasa zote, moja baada ya nyingine, hasa ule wa muunganisho wa nje na ule wa DHCP, kazi ya ruta ya kugawia vifaa anwani. Ni kazi ya dakika tano. Nenosiri la PPPoE mara nyingi linaonekana kama nukta tu, kwa hiyo hakikisha unalo kwenye karatasi kabla hujashika pini.

Ningeachia hapo ningekuwa nimeharibu kiasi. Lakini nilishajiona fundi. Nikasema, ya sebuleni nimeisafisha, basi na ya chumba cha nyuma niisafishe, zianze maisha mapya pamoja. Nayo nikaitia pini. Nikairudishia jina lilelile la waifai na nenosiri lilelile ili simu zisiulize maswali, nikapangusa mikono.

Kuanzia jioni hiyo ugonjwa ukaenea nyumba nzima. Vifaa ambavyo havijawahi kulalamika vikaanza kulalamika. Simu inashika dakika kumi, inaacha, inashika tena. Mwanangu akaniletea uchunguzi wake mwenyewe: "Baba, nikikaa sebuleni inashika, nikienda chumbani inakufa, lakini waifai imejaa." Nikamwambia ni ukuta. Vijistari vimejaa pomoni, halafu namwambia mtoto ni ukuta! Vijistari vinaonyesha tu kwamba kifaa kinaisikia vizuri ruta iliyo karibu nacho. Kama ruta hiyo yenyewe ina njia ya kutoka nje, hilo havilijui.

Jioni iliyofuata niliimalizia kwenye chaneli za waifai. Haikuwa kazi ya bure kabisa. Kwenye masafa ya GHz 2.4 chaneli zimebanana kiasi kwamba zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana ni 1, 6 na 11, na ruta zangu zote mbili zilikuwa zinapigia kelele kwenye 6. Nikaihamishia moja kwenye 1 na nyingine kwenye 11, na mpaka leo ziko hivyo. Ugonjwa haukusogea hata kidogo.

Siku ya nane nikanunua ruta mpya. Fedha zenyewe zilikuwa zimetengwa kwa kitu kingine ambacho sitakitaja kwa sababu mwenye kukingoja bado ananisikiliza kwa wasiwasi kila ninapotamka neno "teknolojia". Nikaifunga mahali pa ruta kuu, nikaweka taarifa za PPPoE, taa ya intaneti ikawa kijani, nikapumua. Saa moja baadaye mwanangu akaita kutoka chumbani kwamba imekufa.

Jioni hiyohiyo likatokea jambo ambalo lilipaswa kuniamsha. Nikiwa na laptopu ya mwanangu chumba cha nyuma, niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ili niingie kwenye ruta mpya. Ukafunguka ukurasa wenye rangi na maandishi nisiyoyatarajia, na nenosiri la ruta mpya likakataliwa. Nikahisi ni kivinjari kimekumbuka ukurasa wa zamani. Nikarudi sebuleni kwenye kompyuta yangu, nikaandika anwani ileile, ukaja ukurasa wa ruta mpya kama kawaida. Nikashukuru, nikasahau.

Siku ya tisa nilikaa chini na daftari. Sitajisifu kwamba nilipata hekima. Nilikuwa nimeishiwa vitu vya kununua na vya kufuta. Nikachora nyumba: ruta kuu hapa, waya huu unakwenda pale, kompyuta hii imeshika wapi. Nikajiwekea masharti mawili. Nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila ninachobadilisha nakiandika pamoja na saa. Mpaka hapo nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kikipona sijui kilichoponya, kikiharibika sijui kilichoharibu.

Kisha nikaanza na ping. Amri hii iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na jina lake alilichukua kwenye mlio wa sonari, ile mitambo inayotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ndivyo inavyofanya: inaita, inasubiri kuitikiwa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuita kwa kupanda ngazi. Unaanza na 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujiita yenyewe. Ikikosa kuitika, kosa limo ndani ya mashine. Unafuata na ruta, kwetu 192.168.1.1. Ikikosa, tatizo ni waya, waifai au anwani. Ngazi ya tatu ni anwani ya nje inayojulikana, kama 8.8.8.8 ya Google. Ya nne ni jina la tovuti badala ya namba. Namba ikiitika na jina likashindwa, anayeumwa ni DNS, yule mtafsiri wa majina kuwa namba, na dawa huwa ni kubadilisha anwani za DNS tu. Ngazi inayovunjika ndiyo inayokuonyesha pa kutazama.

Sebuleni ngazi zote nne ziliitika. Kwenye laptopu ya mwanangu chumbani, ya kwanza iliitika, ya pili ikaitika, ya tatu kimya.

Nikaitazama hiyo ya pili muda mrefu. Laptopu inaita 192.168.1.1, ruta inaitika, lakini haimpeleki nje. Kompyuta yangu inaita 192.168.1.1 hiyohiyo, inaitika na inanipeleka nje. Nikakumbuka ule ukurasa wenye rangi ngeni.

Nikafungua dirisha la amri kwenye mashine zote mbili na kuandika ipconfig /all. Kwenye Linux ungeandika ip addr, kwenye Mac ifconfig. Hapa nusura nipotee tena, kwa sababu majibu yalionekana mazuri: laptopu imepewa 192.168.1.101, lango lake, yaani mlango wa kutokea nje, ni 192.168.1.1, aliyempa anwani ni 192.168.1.1. Kama ingekuwa na anwani inayoanza na 169.254 ningejua mara moja, maana hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kuipa. Lakini hii ilikuwa imepewa. Swali likawa ni nani aliyempa.

Amri iliyonitoa gizani ni arp -a. Inaorodhesha anwani za IP ambazo kompyuta yako imezungumza nazo karibuni, na mbele ya kila moja inaweka MAC, ile namba ya kifaa chenyewe inayowekwa kiwandani. MAC ina herufi na tarakimu 12, na 6 za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Kwenye kompyuta yangu, mbele ya 192.168.1.1 palikuwa na MAC moja. Kwenye laptopu ya mwanangu, mbele ya 192.168.1.1 ileile, palikuwa na MAC nyingine kabisa. Nikaichukua ruta ya chumba cha nyuma, nikaipindua, nikasoma kibandiko cha chini. Ilikuwa yenyewe. Tarakimu ya mwisho tu ilipishana kwa moja, na hilo ni la kawaida kwa kuwa ruta huwa na MAC zaidi ya moja, ya upande wa nje na ya upande wa ndani.

Nilicheka peke yangu usiku ule, cheko lisilo na furaha.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1996, zitumike ndani ya mitandao binafsi tu. Hazisafiri kwenye intaneti ya nje. Ndiyo maana nyumba nyingi zina anwani zilezile bila kugombana, na ndiyo maana watengenezaji wengi huziachia ruta zao zitoke kiwandani na 192.168.1.1. Miaka miwili kabla, nilipoiweka ruta ya zamani chumba cha nyuma, niliipa 192.168.1.2 na kuizimia DHCP, ile kazi ya kugawa anwani. Nilipoitia pini ikarudi utotoni: jina lake likawa tena 192.168.1.1, na ikaanza kugawa anwani. Nilichoirudishia ni jina la waifai na nenosiri lake tu.

Fikiria nyumba ya wageni yenye wapokezi wawili, kila mmoja na daftari lake, wasiosemezana, na wote wanajiita kwa jina moja. Kompyuta ikiingia na kuuliza "nani anagawa anwani hapa?", yeyote anayewahi kujibu ndiye anayegawa. Kisha ikitaka kutoka nje inauliza tena, "nani ana 192.168.1.1?", na wote wawili wanaitika "mimi". Ukiangukia kwa ruta kuu umepona. Ukiangukia kwa ile ya nyuma, ambayo haina laini yoyote ya nje, maombi yako yanafia kwake. Walioko chumba cha nyuma mara nyingi waliangukia kwake kwa kuwa walikuwa karibu, lakini si kila mara, na huko kuruka ndiko kulikonichanganya. Isitoshe, anwani za DHCP ni za mkopo. Ruta nyingi za nyumbani hukopesha kwa saa 24 au zaidi, kwa hiyo kosa la leo usiku unaweza kulihisi kesho jioni, na dawa ya leo unaweza kudhani imeshindwa kumbe mkopo wa zamani haujaisha.

Ruta yangu ya kwanza haikuwa na kosa. Ruta mpya nayo, kwa bahati, ilikuja na 192.168.1.1. Hata ingekuja na anwani nyingine, mgawaji wa pili angekuwa bado yupo chumbani akigawa.

Kurekebisha kulichukua robo saa. Nilichomoa waya unaounganisha ruta mbili, kwanza kabisa, ili nisiingie kwenye ruta isiyo yangu. Nikaunganisha laptopu moja kwa waya kwenye ruta ya zamani peke yake, nikaingia 192.168.1.1, nikabadilisha anwani yake kuwa 192.168.1.2, nikazima DHCP. Fuata mpangilio huo. Ukianza na kuzima DHCP na ruta ikajiwasha upya, laptopu itakosa wa kuipa anwani na itakubidi uiandike kwa mkono ili uweze kurudi ndani. Kisha nikarudisha waya, upande wa ruta ya zamani nikauchomeka kwenye tundu la kawaida, si lile la rangi tofauti linalotakiwa kupokea laini ya nje. Kwenye kila kompyuta nikaandika ipconfig /release halafu ipconfig /renew, zirudishe mikopo ya zamani na kuomba mipya. Simu niliziondoa kwenye waifai nikazirudisha. Chumba cha nyuma kikafufuka.

Furaha ilidumu mpaka asubuhi, mke wangu alipowasha laptopu yake kabla yangu. Kompyuta yangu ikakosa intaneti, na kwenye kona ya skrini ukajitokeza ule ujumbe wa siku ya kwanza.

Safari hii niliusoma. Zamani, kwa ajili ya kushirikiana mafaili, niliipa kompyuta yangu anwani ya kudumu kwa mkono: 192.168.1.100. Na DHCP ya ruta inagawa kuanzia 100. Kompyuta yangu ikiwa imezimwa, ruta inaiona 100 iko wazi, inampa wa kwanza kuomba, naye ni mke wangu. Nikija kuwasha, yangu inakuta kiti kimekaliwa, na kwa kuwa niliilazimisha kiti hicho kimoja, haina pengine pa kwenda. Nikitangulia mimi, laptopu yake inakuta kiti kimekaliwa, inarudi kwa ruta kuomba kingine, inapewa; ndizo zile dakika za kusuasua. Mambo yote ya siku ya kwanza, yameelezeka. Nikafuta anwani ya mkono, nikaiacha kompyuta iombe kama wenzake, na ndani ya ruta nikaitengea 100 kwa MAC yake ili isipewe mwingine. Ukitaka anwani ya kudumu kwa printa au kompyuta yoyote, itenge namna hiyo, ndani ya ruta. Ukipenda kuandika kwa mkono, chagua namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa.

Kompyuta kuukuu na maonyo yake? Ugonjwa tofauti kabisa, ulioingia nyumbani wiki hiyohiyo kwa bahati mbaya. Betri ile ya duara iliyo ndani yake, mfano wa sarafu, ilikuwa imekufa, na kila ikizimwa tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka ambao vyeti hivyo havijatolewa huvikataa vyote. Nilibadilisha betri, nikarekebisha saa, yakaisha. Ukiona onyo hilo kwenye mashine moja tu, tazama saa yake kwanza.

Nilipokuwa na daftari mkononi niligundua pia kwa nini mafaili yalikuwa yakienda polepole kati ya sebuleni na nyuma. Waya wa mtandao una nyuzi 8 katika jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia jozi 2 tu. Ya gigabiti 1 inazitaka zote 4. Jozi moja ilikuwa imelegea kwenye kichwa cha waya, kile chenye kiulimi cha plastiki kilichovunjika, na muunganisho ulikuwa umeshuka kimyakimya kwenye 100 bila kumwambia mtu. Kiulimi kikivunjika, usingoje. Badilisha kichwa au waya.

Nilimpigia yule dada wa kampuni, au mwenzake, sina hakika, nikamwambia laini yao haikuwa na tatizo. Akanyamaza kidogo. Nadhani hawapigiwi simu za namna hiyo mara nyingi.

Ruta kuu ya awali imerudi mahali pake, na chini yake nimebandika karatasi: jina na nenosiri la PPPoE, anwani ya kila ruta, DHCP ni ya nani, tundu lipi linakwenda wapi, tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Nyingine kama hiyo iko chini ya ile ya chumba cha nyuma, na juu ya kitundu cha pini nimeweka utepe. Duka lilikataa kuipokea ruta mpya kwa kuwa boksi lilishafunguliwa. Imo kabatini, nimeshaipa 192.168.1.3 na kuizimia DHCP, na boksini nimeweka kikaratasi kinachosema hivyo.